Picha Mbichi za Baba Nafula

Mume wangu Makokha ni mpole mpaka anaudhi. Ukimwambia hapana, anajibu "sawa, Mama Nafula," halafu anaenda kufanya kile kile ulichomkataza, pole pole, bila kelele, hata miaka sita ikapita. Nawaambia mapema ili mjue niliolewa na mtu wa namna gani, na ili mkinisikia nikimshukuru huko mbele msidhani mimi ni wale wanaowasifu waume zao ili majirani wasikie. Mimi Nangila sina tabia hiyo. Waulizeni watu wa Kamwokya.

Studio yetu iko hapo Kamwokya, Kampala, nyuma ya soko, mlango wa buluu, katikati ya fundi cherehani na jamaa mmoja anayeuza spika na kuzijaribu mchana kutwa. Tulitoka Bungoma na kamera moja na mtoto mmoja, huyo Nafula mwenyewe, na tangu mwanzo kazi tuligawana. Yeye anapiga picha. Mimi nakaa kwenye kompyuta, nasafisha, nachapa, na kupambana na wateja. Mungu aligawa vipawa vizuri, kwa sababu Makokha hawezi kupambana hata na mbuzi.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu, lakini ulikuwa na mizizi. Kamera inaweza kukuwekea picha kwa namna mbili. Ya kwanza ni JPEG. Hapo kamera yenyewe inaipika picha: inaamua rangi, inaamua mwanga, inatupa inachoona hakina kazi, na inakupa faili ndogo iliyo tayari kuchapwa. Ya pili wenyewe wanaiita RAW, na sisi nyumbani tunaiita mbichi. Kamera inakuachia kila kitu ilichokiona, haitupi hata punje. Lakini picha yenyewe inatoka imepauka kama uji usio na sukari, tena nzito mara tano ya mwenzake, na huwezi kumpa mteja mpaka ukae uipike mwenyewe.

Sasa niambieni nyinyi. Wahitimu arobaini wako mlangoni, wamevaa majoho meusi, jua linawachoma, kila mmoja anataka picha yake mkononi kabla ya kwenda kula. Utakaa upike? Mimi niliamua JPEG, na sikuona haja ya kikao. Nilikuwa na utaratibu wangu: nafungua picha, naisafisha, naihifadhi juu ya ile ile, nachapa. Zile ambazo mteja hakuzichagua nazifuta jioni kabla ya kufunga mlango. Kompyuta inabaki nyepesi na mimi nalala vizuri.

"Mama Nafula," Makokha alikuwa akiniambia, "JPEG ukishaichezea hairudi ilikotoka. Mbichi ni akiba. Akiba haiozi."

"Akiba ya nini, ya mahindi? Mbichi zako zimeishibisha kompyuta mpaka inakohoa. Kuanzia leo sitaki kuona hata moja humu."

"Sawa, Mama Nafula."

Na kweli, kuanzia siku hiyo kadi zilikuja mezani kwangu zikiwa na JPEG peke yake. Nilijua nimeshinda. Hiyo ni miaka sita iliyopita.

Ijumaa moja mwezi uliopita, mchana, aliingia msichana niliyemjua sura. Ni Adyero, nesi, ambaye tulimpiga picha za mahafali yake miaka minne nyuma. Baba yake, marehemu Olanya, alikuwa polisi, Mwacholi na Mkristo. Mama yake, Mama Zamzam, alikuwa Mnubi na Mwislamu wa swala tano. Walioana kambi ya polisi, wakazeeka, mzee akafa, na mama akahamia kwa binti yake Bwaise. Siku ile ya mahafali alikuja naye, mama mwembamba, amejifunga mtandio mweupe mpaka chini ya macho.

Adyero alikaa, akatoa bahasha. Ndani yake ilikuwa picha niliyoichapa mimi mwenyewe: mama yake peke yake, mtandio umeshuka mabegani, uso wazi, laini, unang'aa. Moyo wangu ulifurahi. Niliijua kazi yangu.

"Mama hayupo, Aunti," akasema. "Jumapili tunasoma arobaini yake."

Nikampa pole, nikamshika mkono. Kisha akaniambia kilichomleta, naye hakulia, aliongea kama anayesoma ripoti ya wodini.

Mama yake alikuwa na chanjo usoni, mistari mitatu kila shavu, ile ya watu wao wa zamani. Alichanjwa akiwa mtoto, siku moja na kaka yake Muhamadi, kwa mkono wa bibi yao. Halafu ukaja mwaka wa sabini na tisa, vita vikaingia Kampala, na mtu mwenye mistari ile alihesabiwa askari wa serikali iliyoangushwa, akawa anasakwa hata kama kazi yake ni kuuza mandazi. Muhamadi alikimbilia Sudani. Zamzam alibaki, akaufunika uso na mtandio, na tangu siku hiyo hakuwahi kuufunua mbele ya mtu ambaye si wa nyumbani kwake. Kwenye picha zote za simu mtandio uko mpaka machoni. Albamu ya zamani ilienda na mafuriko ya Bwaise, na walipoiokota kurasa zilikuwa zimeshikana kama chapati.

"Hii ndiyo picha pekee ya uso wa mama yangu, dunia nzima," Adyero alisema. "Na mjomba Muhamadi amekuja kwa arobaini, kutoka Yumbe, kule karibu na mpaka wa Sudani. Mara ya mwisho kuonana na mama alikuwa kijana. Nikamwonyesha hii. Aliishika muda mrefu. Akaniuliza, 'Huyu nani?'"

Nikaitazama ile picha tena. Mashavu yalikuwa kama ya binti wa miaka ishirini.

"Nikamwambia ni mama. Akasema, 'Kumbe hata kwenye picha alituficha. Aliolewa na mtu wa kabila lingine, akaona aibu kwa damu yake mpaka kaburini.' Akanirudishia. Tangu juzi hataki jina la mama litajwe. Jumatatu asubuhi anapanda basi, na ni mzee, Aunti, hatarudi tena Kampala. Nami najua mama hakuona aibu. Siku ile hapa studio alijifunua yeye mwenyewe. Nataka ile ya kwanza, kabla hamjaisafisha. Nimwonyeshe tu aondoke akijua."

Ndugu zangu, niliigeuza ile picha uso chini mezani. Maana nilikumbuka vizuri. Ule mtandio mweupe ulikuwa umeidanganya kamera, ikadhani mwanga ni mwingi, ikampika mama wa watu akawa giza. Nilipouvuta uso uje kwenye mwanga, JPEG ikavunjika, mashavu yakajaa madoa-doa kama ukuta wenye ukungu. Kwenye yale madoa ile mistari ilionekana kama uchafu. Nikapitisha brashi ya kompyuta, nikalainisha, nikaifuta yote sita. Tena nilijiambia namfanyia hisani, mama apendeze siku ya mtoto wake. Kisha nikahifadhi juu ya ile ile. Ya kwanza haikuwepo. Niliiua mimi mwenyewe, nikitabasamu.

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nilisema, "Rudi kesho asubuhi, mwanangu. Nitaitafuta."

Makokha alikuwa amekwenda mjini, Nakivubo, kutafuta karatasi za printa. Nilifunga pazia, nikafungua ile picha, nikaanza kuchora. Eti nichore chanjo! Nilichukua rangi ya kivuli, nikapiga mistari mitatu kulia, mitatu kushoto, nikapima nafasi isizidiane. Ilitoka safi. Nilifanya kazi mpaka saa kumi na moja, shingo inauma, na kila nilipoitazama nilijipa moyo: nani atajua? Makokha aliporudi nilimwambia nina kichwa. Akanipikia chai, maskini, na kunipa vidonge.

Jumamosi asubuhi Adyero aliingia hata spika za jirani hazijawashwa. Makokha alikuwa nyuma ya pazia anampiga mteja picha ya pasipoti. Nikamkabidhi Adyero karatasi. Aliitazama kidogo tu.

"Aunti, hii umechora."

"Mwanangu..."

"Mmoja ulikuwa umepinda. Shavu la kushoto. Wa katikati..." Akasita. Akagusa shavu lake mwenyewe, akahesabu kwa kidole, akarudi, akahesabu tena. "Au wa mwisho? Nilikuwa naushika nikinyonya, mama aliniambia. Nimekaa naye miaka thelathini na moja. Aunti, nimesahau ulikuwa upi!"

Hapo ndipo alipolia. Alilia akiwa amesimama, ile karatasi yangu ya uongo mkononi. Na mimi Nangila, ambaye soko zima linanijua kwa mdomo, nikabaki kumvutia kiti.

Pazia likasogea. Makokha alimwomba mteja wake asubiri, akaja akasimama pembeni yangu. Alikuwa amesikia yote.

"Mama Nafula," akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza kuku, "mficha uchi hazai. Mwambie."

Basi nikamwambia. Nilimwambia ya kwanza haipo. Niliifuta mimi, hakuna aliyenituma, mama yake hakuniomba na wala sikumwuliza. Nilimwambia jana nilikuwa nataka kumdanganya, na leo pia. Nililia na mimi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana hasira ndiyo ninayoiweza.

Adyero alifuta uso. "Hata mimi niliifurahia, Aunti," akasema taratibu. "Ulipotupa ile picha niliwaonyesha wenzangu wodini, nikasema tazameni mama yangu alivyo mrembo. Mama aliitazama akacheka kidogo. Akasema, 'Huyu ni dada yako, Adyero, si mimi.' Akavuta mtandio, akafunika. Hakufunua tena."

Bora angenipiga kofi.

"Nipeni dakika ishirini," Makokha akasema. Akatoka. Hata viatu hakufunga, si kwamba vile viatu vilikuwa na cha kufunga. Vilikuwa vimefungua midomo mbele kama vinaomba chakula. Miaka sita nilikuwa namcheka navyo. Aliwahi kuweka akiba anunue vipya, akaenda mjini, akarudi mikono mitupu, akaniambia saizi yake haikuwepo. Nilimwita bahili mbele za watu.

Nilimpa Adyero maji. Mteja wa pasipoti alitoa kichwa nyuma ya pazia akauliza kama anaweza kupumua sasa, kwa sababu aliambiwa atulie.

Makokha akarudi akikata katikati ya soko, begani amebeba sufuria. Ile sufuria yangu kubwa ya Krismasi, inayokaa nyumbani juu ya kabati na kushuka mara moja kwa mwaka! Wanawake wa nyanya walimwuliza anaenda kupikia nani. Akaiweka mezani kwangu, akafunua. Ndani palikuwa na sweta ya Nafula ya utotoni, na ndani ya sweta palikuwa na diski ya kompyuta, ile ya nje, nyeusi, kubwa kama kitabu cha nyimbo.

"Ni nini hiyo?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Mbichi," akasema, macho chini. "Kamera niliiweka itoe zote mbili. Nilikuwa nazihamisha kwanza kwa kompyuta ya jirani wa spika, halafu nakuletea kadi."

"Zote? Miaka sita?"

"Zote. Hata zile ambazo wateja hawakuzichagua."

"Na diski uliinunua na nini?"

Akavitazama viatu vyake. "Unakumbuka ile siku saizi yangu haikuwepo..."

Siku nyingine ningepiga kelele mpaka Kololo wanisikie. Krismasi sita nimepika nyama kwenye sufuria hiyo, na kila Desemba mwanamume huyu anaihamisha diski, na Januari anairudisha! Lakini ile Jumamosi nilivuta kiti, nikamwachia nafasi yangu kwenye kompyuta. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kukaa pale.

Alikuwa amezipanga kwa tarehe. Adyero alijua tarehe ya mahafali yake bila kufikiri. Makokha akafungua, na zikaja picha tatu za mama yake, moja baada ya nyingine. Mimi katika JPEG nilikuwa nimeiacha moja tu. Zile mbili nilizifuta jioni ile ile, kwa sababu nani ananunua picha ya mtu aliyejifunika?

Ya kwanza: mtandio uko mpaka machoni. Ya pili: mkono wake mwenyewe wa kulia umeushika mtandio, unaushusha, shavu moja limeanza kutoka. Ya tatu: uso wazi.

Zote tatu zilikuwa giza na zimepauka. Nilianza kuogopa. "Ni nyeusi, Baba Nafula. Ni kama yangu tu."

"Subiri," akasema. "Mwanga upo ndani. Haukutupwa."

Akaanza kuvuta, kidogo kidogo, vivuli tu, mtandio akiuacha ulivyo. Hakuna doa lililotokea. Paji la uso likaja, kisha macho, na yale macho katika picha niliyoisafisha sikuwahi kuyaona: yalikuwa makavu na hayana wasiwasi. Kisha mashavu. Mstari wa kwanza, wa pili, na wa tatu wa kushoto, ule ulio karibu na sikio, ambao ulishuka vizuri mpaka katikati, ukakunja ghafla kuelekea mdomoni.

"Wa mwisho," Adyero akasema. Akaweka kidole juu ya kioo. "Ni wa mwisho uliopinda. Ni wa mwisho!" Akawa anacheka na kulia, anamshika Makokha bega, anasema "apwoyo matek", anarudia kwa Kiswahili asante sana, asante baba, kana kwamba lugha moja haitoshi.

"Siku ile aliniuliza," Makokha akasema akiendelea na kazi. "Aliniuliza, 'Mwanangu, na uso wenye chanjo pia unapiga?' Nikamwambia, 'Mama, napiga vile ulivyo.' Ndipo akaushusha."

Nilimwuliza Adyero tuiache rangi ya ngozi namna gani, kwa maana wateja wengi wanaomba weupe kidogo. Nilimwuliza, mnaona? Sikuamua. Akasema, "Kama alivyokuwa." Tukachapa zote tatu, karatasi kubwa, na mteja wa pasipoti akaja kusimama nyuma yetu akasema yule mama anafanana na shangazi yake.

Jumapili baada ya dua nilikwenda Bwaise mwenyewe. Adyero alikuwa ameniambia si lazima, atampa mjomba picha na itatosha. Lakini picha ingesema kwamba mistari ilikuwepo. Haingesema ni nani aliyeifuta, na hilo lilikuwa langu. Makokha alikuja na kamera yake begani, kwa mazoea tu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, mtaro umefurika, na tuliruka kutoka tofali hadi tofali. Mimi nilikuwa na mabuti. Nilimwona mume wangu matope yanaingia kwa mbele ya kiatu na kutokea pembeni, naye anaendelea kuruka, na nilitamani kumbeba.

Mzee Muhamadi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, kanzu imekunjwa magotini isiguse maji. Mrefu, mkavu, tasbihi mkononi. Mistari mitatu kila shavu, imezama kwenye ngozi ya uzee. Wageni wa dua walikuwa wameshaanza kuondoka.

Tukasalimiana. Adyero akasema, "Mjomba, hawa ni wenye studio."

"Nimeona picha yao," akasema bila kutugeukia. "Nzuri. Hapana dada yangu."

"Mzee," nikasema. "Ile uliyoona ni kazi yangu mimi. Dada yako hakuniomba. Hakuniambia futa, hakuniambia acha. Sikumwuliza. Niliona alama ya wazazi wenu nikadhani ni uchafu, nikaifuta. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Yeye mwache apumzike."

Akanigeukia sasa. Nikampa karatasi, kwa mpangilio wake.

Aliitazama ya kwanza, ile ya mtandio machoni. Akaitikia kwa kichwa, kama anayesema ndiyo hiyo niliyoambiwa. Akaitazama ya pili. Hapo alikawia. Alifuata ule mkono kwa kidole, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole vilivyoshika kitambaa, kuhakikisha ni wake na si wa mtu mwingine.

"Nani alimwambia atoe?" akauliza.

"Hakuna, mzee," Makokha akajibu. "Aliniuliza tu kama nitampiga vile. Akautoa mwenyewe."

Akaiweka ya pili pajani, akashika ya tatu. Tasbihi ilianguka chini majini na hakuiangalia. Adyero akaiokota, akaipangusa kwa gauni lake.

"Sheitani mdogo," mzee akasema. Mwanzo nilidhani ananitukana mimi, na nilistahili. Kumbe anacheka, na machozi yanafuata njia ya ile mistari. "Alikuwa analia, kelele mingi. Haboba yetu, bibi, alikuwa anakata. Imebaki mmoja tu, hii ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeshamaliza yangu, damu bado iko. Nikaona huruma. Nikavuta mkono ya haboba, ati amwache. Kisu ikaenda hivi." Akapinda kidole hewani. "Haboba alinipiga siku hiyo! Na Zamzam maisha yake yote ananiambia, 'Muhamadi, wewe uliniharibu uso.' Hata siku nilikimbia, usiku ule, neno yake ya mwisho ilikuwa hiyo. Alikuwa anacheka na analia. 'Nenda,' alisema, 'mimi nitakukumbuka kwa hii.'"

Akagusa karatasi, pale karibu na sikio.

"Hii ya kupinda iko yangu," akasema. "Nilifikiri aliitupa."

Nikainama nikashika miguu yake. Sijui kama ni desturi yao. Si yetu pia. Nilisema nisamehe baba, na nilisema asante, na nadhani nilisema pia mambo kuhusu sufuria ambayo hayakumhusu. Akaniwekea mkono kichwani, mwepesi.

"Inuka, mama. Matope."

Alipotulia alitaka kujua ni nani aliyeitunza hii, kama mimi niliifuta. Nikamwonyesha Makokha kwa kidole. Nikamwambia yote mbele za wageni waliobaki: miaka sita nilimkataza, miaka sita alinidanganya, alinunua diski akatembea na viatu vyenye midomo wazi, na nikamcheka. Shukrani ya punda ni mateke, nikasema, na mimi nimekuwa punda huyo. Makokha alikuwa anatazama mtaro, masikio yamemwiva.

Mzee akavitazama viatu vya mume wangu kwa muda. Kisha akamwita karibu, akamnong'oneza jambo kwa Kinubi, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa Makokha, kama watu wanavyoomba dua. Hatukulifahamu, na Adyero alikataa kututafsiria.

"Sasa nipige," mzee akasema. "Mimi pia sina picha. Nataka Adyero aweke mbili pamoja." Akaishika karatasi ya tatu, akaiinua mpaka ubavuni mwa uso wake, shavu la kushoto la dada yake likigusa shavu lake la kulia. Akanitazama. "Na wewe, mama. Hapana safisha."

"Sitagusa, baba."

Makokha akainua kamera, akaishusha, akanigeukia kama kawaida yake, kwamba ningependa iweje. Nikakiona kile kioo cha nyuma: kamera iliwekwa itoe zote mbili, mbichi na JPEG, kama alivyoiweka kwa siri kila siku tangu nilipomkataza.

"Acha hivyo hivyo," nikamwambia. "Asante, Baba Nafula."

Tuna miaka kumi na tisa ya ndoa, na nadhani neno hilo sikuwahi kumpa mbele za watu. Alisimama pale matopeni kamera mkononi, hajui aweke wapi macho yake.

"Sawa, Mama Nafula," akasema, na akapiga.